Mwanachama Anapoachishwa Kazi: Akiba ya Uzeeni na Wajibu wa Chama

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa vyama vya akiba na mikopo katika mkutano wa mafunzo uliofanyika Buguruni, Dar es Salaam. Yanachapishwa kwa manufaa ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Buguruni ni mahali pa wafanyakazi tangu zamani. Kutoka hapa mtu hufika Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru, na kwa upande mwingine hufika viwanda vya Vingunguti na vile vilivyo kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Pugu Road. Kwa hiyo vyama vya hapa vina wanachama wa aina mbili: wafanyabiashara wa sokoni, na watu wa mshahara ambao makato yao huletwa na mwajiri kila mwisho wa mwezi. Maelezo haya yanawahusu zaidi hawa wa pili.

Mfanyakazi anapopokea barua ya kuachishwa kazi, mahali pa kwanza anapokimbilia si Mahakama wala ofisi ya Serikali. Huja kwa katibu wa chama chake. Huja akiwa na maswali matatu: nitapata nini, nitapata lini, na deni langu la chama litakuwaje? Katibu asiyekuwa na majibu humwacha aende kuuliza barabarani, na huko hupewa jibu moja tu: "Toa zote, ufungue biashara." Shabaha ya maelezo haya ni kuonyesha kwa nini jibu hilo aghalabu si sahihi, na ni jibu gani katibu anapaswa kuwa nalo.

AKIBA MBILI ZISICHANGANYWE

Yafaa kwanza zitenganishwe akiba za namna mbili ambazo wanachama wengi huziita kwa jina moja.

Akiba ya kwanza ni michango ya hifadhi ya jamii. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi michango hiyo hupelekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki huitoa mwenyewe. Kwa mtumishi wa umma, michango hupelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ambako mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri hutoa asilimia 15.

Akiba ya pili ni ile iliyomo katika chama. Nayo ina matawi yake. Kuna hisa, ambazo ni mtaji wa chama na hazirudishwi kwa mwanachama kama fedha za kuweka na kutoa, ila huweza kuhamishiwa kwa mwanachama mwingine. Kuna akiba, ambayo ndiyo msingi wa mkopo na dhamana yake, na hurudishwa mwanachama anapojitoa kwa utaratibu na muda uliotajwa katika masharti ya chama. Kuna na amana, ambayo hutolewa kwa mapatano.

Akiba ya Mfuko imewekwa kwa ajili ya uzee. Akiba ya chama imewekwa kwa ajili ya maisha ya sasa na kwa ajili ya kukopa. Mwanachama anayetaka kuziba pengo la akiba moja kwa kuvunja nyingine hana budi ajue kwanza bei yake.

KUTOKA MKUPUO HADI PENSHENI

Wako wazee hapa Buguruni wanaokumbuka Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ulioitwa NPF, uliowekwa kwa sheria mwaka 1964. Mfuko ule haukulipa pensheni. Mfanyakazi na mwajiri walichangia, fedha zikawekwa kwa jina la mfanyakazi, naye alipofika umri wa kustaafu alipewa zote kwa mkupuo pamoja na riba. Utaratibu huo ulikuwa rahisi kueleweka, na kwa mtu wa miaka ya 1960 ulionekana kuwa wa haki.

Lakini shilingi haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa kiasi cha shilingi 8. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi 200. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Mtu aliyekatwa mshahara tangu ujana wake alipokea mkupuo ambao, kwa hesabu ya noti, ulikuwa mkubwa. Lakini kwa hesabu ya unga, mabati na saruji, ulikuwa mdogo mno. Wengine waliumaliza kabla ya mwaka kwisha, wakarudi kuwa mzigo wa watoto wao. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya NPF ibadilishwe kuwa NSSF kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1997, na mfanyakazi aliyetimiza masharti apate pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Hata baada ya hapo, desturi ya kuchukua michango yote mara mtu anapoacha kazi iliendelea kwa jina la fao la kujitoa. Mwaka 2012 sheria zilirekebishwa ili kuliondoa fao hilo, na manung'uniko yakawa makubwa, hasa miongoni mwa wafanyakazi wa migodini ambao mikataba yao ni mifupi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mtu wa miaka 30 aliyeachishwa kazi hawezi kuambiwa asubiri miaka 25 bila ya kuonyeshwa atakula nini kesho. Mabishano hayo yaliendelea mpaka mwaka 2018, zilipotungwa sheria zilizounganisha mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, na kuifanya NSSF kuwa mfuko wa sekta binafsi na wa watu waliojiajiri. Badala ya fao la kujitoa likaingizwa fao la kukosa ajira.

Nchi jirani nazo zimepambana na swali hilohilo. Mwaka 2022 Uganda iliruhusu mwanachama wa mfuko wake wa taifa aliyefikia miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, achukue hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wenzetu hao wamefungua mlango kidogo, hawakuung'oa. Kila nchi inatafuta kipimo kati ya njaa ya leo na njaa ya uzeeni.

SHERIA INAMPA NINI ALIYEACHISHWA KAZI

Fao la kukosa ajira la NSSF lina masharti ambayo kila katibu anapaswa kuyajua kwa moyo. Mwanachama awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 18. Awe hajafikia umri wa miaka 55. Awe amekosa kazi bila ya kujiuzulu kwa hiari yake, na awe hajapata ajira nyingine. Akitimiza hayo hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Zipo kanuni za pekee kwa waliochangia muda mfupi zaidi na kwa walioendelea kukosa kazi kwa muda mrefu. Mwanachama wa namna hiyo aelekezwe ofisi ya Mfuko akiwa na hati zake zote, asikatiwe tamaa na maneno ya kijiweni.

Sharti la kutojiuzulu linahitaji kutiliwa mkazo. Hutokea mwajiri anayepunguza wafanyakazi akawaandalia barua za kujiuzulu na kuwataka watie saini "ili mambo yaende haraka." Mfanyakazi aliyetia saini barua hiyo amejifungia mwenyewe mlango wa fao la kukosa ajira, na amejinyima pia malipo ya kusitishiwa ajira. Katibu awaonye wanachama mapema: mtu asitie saini barua ya kujiuzulu ambayo hakuiandika kwa hiari yake, hata kama amekalishwa ofisini mpaka jioni.

Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa haki ambazo wengi huzisahau. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi apewe taarifa ya siku 28 au alipwe badala yake. Alipwe siku za likizo alizozifanyia kazi bila kuzichukua. Aliyefanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi mfululizo, na mwajiri akamsitishia ajira bila ya kosa lake, alipwe mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi 10. Apewe pia hati ya utumishi. Anayeona ameachishwa kwa dhuluma apeleke shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu ajira ilipositishwa, hazihesabiwi tangu mtu alipopata nafasi. Wengi hupoteza shauri kabla halijasikilizwa kwa sababu walikuwa wakingoja kuitwa tena kazini.

HESABU YA MIEZI

Na uchukuliwe mfano wa mfanyakazi wa kiwandani, mkazi wa Buguruni kwa Mnyamani, mwenye umri wa miaka 38. Si mtu maalumu. Ni mfano wa hesabu tu. Mshahara wake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 8, kisha kiwanda kikapunguza watu.

Michango yake na ya mwajiri ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi 96, jumla ni shilingi 5,760,000. Hii ndiyo fedha inayomnyima usingizi. Anaiona kama fremu ya duka, kama bodaboda mbili, kama kiwanja huko Chanika. Hajawahi kumiliki fedha kiasi hicho kwa pamoja, na kila jirani anamwambia ni zake.

Ni kweli ni zake. Lakini asiishie kwenye shilingi. Ahesabu na miezi. Ili mtu apate pensheni ya uzee anatakiwa awe amechangia miezi 180. Huyu tayari ana 96. Amebakiza miezi 84, yaani miaka 7. Hadi afikie miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, anayo miaka 17 mbele yake. Na hadi miaka 60, umri wa lazima, anayo miaka 22. Hata akikaa bila kazi mwaka mzima, kisha akaajiriwa mahali pengine, miezi yake 96 inamngoja. Hata akijiajiri sokoni, sheria inamruhusu aendelee kuchangia NSSF kama mchangiaji wa hiari. Miezi haiozi kama nyanya. Lakini akiifuta kwa kuchukua michango yote, anaanza tena na mwezi wa kwanza akiwa na miaka 38 au 40, na kila mwaka unaopita unapunguza nafasi ya kufikia 180.

Swali linalobaki ni lile la haki: atakula nini? Hapa ndipo hesabu ya pili inapohitajika. Mshahara wa taarifa ya siku 28 ni karibu shilingi 300,000. Malipo ya siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka 8, ni karibu shilingi 640,000. Fao la kukosa ajira ni karibu shilingi 100,000 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 1,540,000, mbali na malipo ya likizo. Ikigawanywa kwa miezi sita, ni zaidi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Alipokuwa kazini, baada ya kukatwa asilimia 10 ya Mfuko, alikuwa akipeleka nyumbani shilingi 270,000.

Kwa hiyo mfanyakazi aliyedai haki zake zote kwa wakati anao mshahara wa nusu mwaka, karibu sawa na ule wa zamani, bila ya kuigusa akiba ya uzeeni. Kinachomtia njaani mara nyingi si sheria kukosa huruma. Ni kutokujua, ni hati kupotea, na ni deni.

DENI LA CHAMA NA WADHAMINI

Sasa ndugu makatibu, yatazamwe yale yaliyo ndani ya uwezo wa chama chenyewe.

Mwanachama huyo wa mfano ana mkopo wa chama ambao baki yake ni shilingi 1,500,000. Akiba yake ni shilingi 1,200,000 na hisa zake ni shilingi 100,000. Ana wadhamini watatu, wote wa kiwanda kilekile, na wawili kati yao ni majirani zake. Alipoachishwa kazi, makato ya mshahara yalikoma siku hiyohiyo.

Kuna vyama ambavyo, jambo hili linapotokea, huandika barua kali kwa wadhamini ndani ya wiki moja. Wadhamini humwendea mwenzao nyumbani usiku. Watoto husikia maneno yasiyofaa kusikiwa. Naye, kwa kuona aibu, huenda kukopa kwa wale wakopeshaji wa mitaani ambao mikopo yao wananchi wa Dar es Salaam wameipa jina la kausha damu. Hulipa deni la chama, wadhamini wakashukuru, na daftari la chama likaonekana safi. Lakini mtu amekwisha. Deni la riba ya mwezi limehamia nyumbani kwake. Na mkopeshaji hushika kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri, akingoja fao liingie. Chama kimepata fedha zake na kimempoteza mwanachama.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Kwanza, akiba ifidie deni. Shilingi 1,200,000 zikiondolewa, hubaki shilingi 300,000. Pili, hisa zibaki, ili uanachama usife; vyama vingi masharti yake yanamruhusu aliyeachishwa kazi aendelee kuwa mwanachama kwa kulipa mwenyewe dirishani. Tatu, kamati ya mikopo ikae naye na kupanga upya baki hiyo. Shilingi 25,000 kwa mwezi humaliza shilingi 300,000 katika miezi 12, nazo zinaweza kutoka katika fao la kukosa ajira kwa miezi ya mwanzo. Nne, wadhamini waitwe na kuelezwa mpango huo mbele yake, ili wajue kwamba wao ni ngao ya mwisho. Yote haya yaandikwe katika kumbukumbu za kikao na kutiwa saini.

Chama kisimshauri kamwe mwanachama avunje akiba yake ya Mfuko ili alipe deni la chama. Bodi inayofanya hivyo hurekebisha hesabu za mwaka huu kwa kumtia mtu umaskini wa miaka ishirini.

Ni kweli pia kwamba chama ni lazima kijilinde. Kiwanda kikifunga milango, wanachama mia moja wanaweza kudai akiba zao katika mwezi mmoja. Chama kilichokopesha kila shilingi kitafunga dirisha, na kikifunga dirisha, hata wale waliokuwa hawana haja watakuja kupanga foleni. Bodi ihakikishe siku zote iko fedha taslimu ya kutosha benki, na isiruhusu chama kitegemee mwajiri mmoja tu kwa makato yake yote. Vyama vya Buguruni vina bahati ya kuwa karibu na soko: wafanyabiashara wa sokoni wakiingizwa uanachama, chama hakitayumba kwa sababu ya kiwanda kimoja.

MKUPUO NA BIASHARA YA HARAKA

Hakuna anayesema mtu asifanye biashara. Nusu ya Buguruni inakula kwa biashara. Lakini anayejua biashara ya genge huijua kwa kuanza na tenga moja. Huijua kwa kupoteza tenga moja pia. Mtu aliyetoka mashineni akaenda Kariakoo na milioni tano mkononi hununua kwa bei ya mgeni, hukodi fremu kwa kodi ya miezi sita au mwaka, na huona mtaji wake umegeuka kuwa kuta na rafu kabla hajauza kitu.

Aidha, hata mfanyabiashara hodari hukumbwa na asilolitarajia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Waliokuwa na akiba mahali pengine walipata pa kuanzia. Waliokuwa wamefunga kila shilingi katika bidhaa zilizokuwamo ndani walibaki na majivu. Mwenye miezi yake katika Mfuko huanguka sokoni akainuka. Asiye na kitu huanguka mara moja.

Anayetaka kuanza biashara na aanze na sehemu ya malipo ya mwajiri, au akope chamani kiasi kidogo kulingana na akiba aliyoianza upya. Biashara ikikua, achangie Mfuko kwa hiari kutokana na faida yake. Hapo atakuwa amepata vyote viwili.

KAZI ZA KATIBU

Mambo yafuatayo yafanywe na kila chama, wala yasingoje siku ya barua:

1. Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, wanachama wahimizwe kuchukua taarifa ya michango yao katika ofisi ya Mfuko. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Anayegundua kasoro akiwa bado kazini anaweza kuidai. Anayegundua baada ya kiwanda kufungwa hudai geti lenye kufuli.

2. Jina la mwanachama liwe moja katika kitambulisho cha taifa, katika kadi ya Mfuko, katika hati ya mshahara na katika daftari la chama. Ally na Ali, au jina la ukoo lililoachwa, limechelewesha mafao ya watu wengi kwa miezi.

3. Mwanachama atunze mkataba wa kazi, hati za mshahara na barua zote za mwajiri. Chama kikiwa na sanduku la chuma, kiwatunzie wasio na mahali pa kuhifadhi.

4. Aliyeachishwa kazi aonwe na katibu ndani ya siku saba. Aelezwe haki zake kwa mwajiri, muda wa siku 30 wa Tume, masharti ya fao la kukosa ajira, na hesabu ya miezi yake.

5. Deni lake lipangwe upya na kamati ya mikopo kabla wadhamini hawajaandikiwa.

6. Fomu ya warithi iangaliwe upya. Mtu aliyeoa tena au aliyefiwa asiache jina la zamani likaleta ugomvi msibani.

MASWALI

Mjumbe mmoja aliuliza: je, mwanachama mwenye mgonjwa nyumbani, asiye na njia nyingine, naye aambiwe ahesabu miezi? Alijibiwa kwamba mgonjwa hangoji hesabu, na kwamba kwa dharura kama hiyo ndiyo vyama viliwekewa mkopo wa dharura. Chama kisicho na mfuko huo kimwekee mwanachama wake njia hiyo katika mkutano mkuu ujao, kwani asipoipata kwa wenzake ataitafuta kwa kausha damu.

Mjumbe mwingine alisema wanachama hawaamini kwamba pensheni itakuwapo, kwa kuwa kanuni hubadilika mara kwa mara. Alijibiwa kwamba hofu hiyo ina msingi. Kikokotoo kipya cha mwaka 2018, kilichoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, kilisitishwa na Rais Magufuli tarehe 28 Desemba 2018 baada ya malalamiko. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33. Na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilitangaza kuupandisha tena. Lakini yafaa itazamwe nini kilibadilika na nini hakikubadilika. Kilichobishaniwa ni sehemu ya kuchukua mara moja na sehemu ya kulipwa kila mwezi. Katika mabishano yote hayo, mwenye miezi yake alikuwa na kitu cha kubishania. Aliyeifuta hakuwamo.

Swali la tatu lilitoka kwa mama mmoja mwanachama wa sokoni: je, maelezo haya yanamhusu mtu ambaye hajawahi kuajiriwa? Alijibiwa kwamba yanamhusu sana, kwa sababu miezi 180 ya mchangiaji wa hiari huhesabiwa sawasawa na ya mtu wa kiwandani. Akiwa na miaka 40 leo, akichangia bila kukatiza, atazitimiza akiwa na miaka 55.

Ndugu makatibu, chama cha akiba na mikopo hakiwezi kumrudishia mtu kazi yake. Kinaweza kumpokea siku aliyoipoteza, kikamkalisha, kikafungua daftari mbele yake na kuhesabu pamoja naye mpaka aone kwamba bado anayo mali. Katibu atakayerudi chamani kwake baada ya mkutano huu aanze na jambo moja: atazame katika daftari ni wanachama wangapi ambao makato yao yalikoma katika miezi mitatu iliyopita, na awatafute.